Nati haifunguki, tairi limeganda, jeki inazama: maswali yenu ya kubadili tairi nyumbani

Mwezi huu nimeyaweka pamoja maswali ya kubadili tairi nyumbani mana yamekuwa mengi, na karibu wote mnauliza kitu kimoja, ninunue nini ili niweze kufanya mwenyewe bila kuumia. Barua ndefu nimezifupisha kidogo.

Habari fundi. Nina Toyota Noah, nakaa Tegeta. Juzi asubuhi nimekuta tairi la mbele limeisha upepo kabisa na watoto wanachelewa shule, nikatoa ile spana iliyokuja na gari nikabonyeza kwa mikono wapi, nikapanda juu yake na miguu yote miwili bado, mwisho spana ikachomoka nikaanguka na nati moja kona zake zimeanza kulika. Kijana wa bodaboda akachomeka bomba la chuma kwenye spana ndo zikafunguka. Kuna kifaa gani mwanamke wa kilo 58 anaweza kutumia bila kuita mtu? (Mama wa watoto watatu, Tegeta)

Pole sana mama, na nashukuru umeandika na kilo zako mana zinanisaidia kukuonyesha kwamba tatizo halikuwa wewe.

Ile spana ya kwenye gari ina mkono wa kama sentimita 25 hivi. Ukisimama juu yake mwishoni kabisa na kilo zako 58 unatoa nguvu ya kuzungusha kama Nm 140 (Nm ni nyutoni mita, kipimo cha nguvu hiyo). Sasa Toyota za familia za saizi hiyo nyingi kiwanda kinataka nati ya tairi ikazwe Nm 103 tu. Yaani uzito wako wote ulipita kabisa kile ambacho kiwanda kinataka na bado nati ikakataa, maana yake mtu aliyekaza mara ya mwisho alipitiliza sana, na karibu mara zote ni kijana wa pancha mwenye ile mashine ya upepo ya kukazia nati anayeiachia inapiga trrrrrr mpaka aridhike yeye. Haina kipimo, anasikiliza sauti tu. Ongeza kutu kidogo hapo, ndo unakuta asubuhi yako imeharibika.

Dawa yake ni urefu. Mpini ukiwa wa sentimita 60, zile Nm 140 unazipata kwa kusukuma kama kilo 24 tu mwishoni mwa mpini, na hiyo hata binti yako wa sekondari anaiweza. Kwahiyo nunua vitu viwili: boksi moja (kile kikombe cha chuma kinachovaa nati) ya namba 21, ndefu, ya kona sita, ya tundu la nusu inchi, na mpini mrefu wa kuichomeka, ule usio na racheti, mafundi wengine wanauita pawa baa. Gerezani pale Kariakoo maduka ya vifaa yote wanavyo. Ukifika usikubali boksi ya kona 12 hata akwambie ni imara vipi, boksi ya kona sita inashika nati kwenye ubavu wake, ya kona 12 inashika kwenye ncha tu na ndo inayokula kona kama ilivyotokea kwako. Na kama Noah yako ina rimu za spoti angalia ukuta wa boksi uwe mwembamba, vitundu vya rimu zile ni vidogo boksi nene inagoma kuingia au inakwangua rimu.

Lile bomba la bodaboda lilikuokoa siku ile na simlaumu kijana, ila usilifanye ndo utaratibu. Spana ya gari imepindwa, kwahiyo ukiirefusha kwa bomba nguvu nyingine inaisukuma nje ya nati badala ya kuizungusha, inachomoka na wewe unakwenda nayo.

Namna ya kufanya, na hapa naomba usome taratibu. Gari likiwa bado chini, tairi limegusa ardhi, chomeka boksi mpaka mwisho, mpini uelekee kushoto kwako ulale sambamba na ardhi, shika mwishoni kabisa, nyoosha mikono na uegemee kwa uzito wa mwili kwenda chini. Usivute kwenda juu, kuvuta juu ndo kunakula mgongo. Utasikia nati inalia kak! hiyo imeachia, zungusha robo tu kisha nenda nyingine, usizitoe. Zote zikishalegea ndo unaweka jeki.

Na kabla ya jeki, hendibreki. Nasisitiza kwa sababu watu wengi wa gari otomatiki wanaweka P tu wanaondoka, hendibreki hawaigusi mwaka mzima. Noah nyingi zinavutwa na tairi za mbele, na P inashika tairi za mbele kupitia difu, zile gia zinazogawa nguvu kwa tairi mbili. Ukishainua tairi moja la mbele likawa hewani, difu inaliruhusu lizunguke, na lile lililobaki chini nalo linakuwa huru, yaani P yako haishiki kitu tena na gari linaweza kutembea likiwa juu ya jeki. Hendibreki inashika nyuma. Vuta, halafu weka kabari mbele na nyuma ya tairi la nyuma la upande wa pili, hata vipande viwili vya mbao vilivyokatwa mshazari vinatosha kabisa, fundi seremala wa mtaani anakukatia dakika mbili.

Kitu cha tatu, ukipata hela, ni toki renchi, ile spana inayopima nguvu. Unazungusha mpini mpaka alama ya 103 (angalia kwanza kitabu cha gari lako), unakaza kwa kuruka nati moja moja kwa mtindo wa nyota, na ikifika inalia na unaihisi mkononi imelegea kidogo, unaacha hapohapo. Usiirudie mara ya pili kuhakikisha, ile ya pili inaongeza. Na ukitoka kwa fundi pancha siku yoyote, ukifika nyumbani gari likiwa chini legeza nati moja kwa mpini mrefu, ikaze kwa toki renchi, kisha inayofuata, mpaka zimalizike. Dakika tano tu na hutapanda juu ya spana tena. Ila toki renchi isifungulie nati, kazi yake ni kukaza peke yake, na ukimaliza irudishe kwenye namba ya chini kabisa ndo uiweke kwenye kasha lake, springi ikiachwa imebanwa miezi na miezi kipimo kinahama.

Ile nati iliyolika kona ibadilishe wiki hii. Mwambie muuzaji nati ya Toyota, uzi wa 12 kwa 1.5 (unene milimita 12, na milimita 1.5 kutoka uzi mmoja mpaka unaofuata), na uende na moja nzima mkononi ufananishe umbo la mbele linalokaa kwenye rimu.

Mambo kaka. Mi niko Arusha, nina Rav4 na huwa nazungusha matairi mwenyewe mbele na nyuma. Nimeona impakti za betri zinauzwa, wengine wanasema zina mpaka Nm 1000. Nikinunua hiyo moja si nimemaliza kila kitu?

Poa mdogo wangu. Hapana, hujamaliza, ila ni kifaa kizuri sana nakuelewa kabisa unavyokitamani.

Impakti ya betri, yaani mashine inayozungusha nati kwa mapigo, inafanya kazi mbili vizuri, kulegeza nati iliyokazwa kupita kiasi na kuzitoa haraka. Tairi nne za nati tano ni nati 20 kutoa na 20 kurudisha, kwa mkono mtu unachoka, kwa mashine unamaliza huku unapiga stori. Ila kazi ya tatu, ya kukaza mwisho, mashine usiipe. Ukiipa umekuwa yule kijana wa pancha wa mama wa Tegeta, na stadi, ule mchuma wenye uzi unaofungwa nati, ikivutwa kupita uwezo wake leo haikatiki, inakatika siku nyingine barabarani. Rudisha kila nati kwa vidole mizunguko mitatu minne kwanza mpaka uhakikishe uzi umeshika wenyewe, afu mashine kwenye spidi ya chini iisogeze mpaka iguse rimu basi, tairi likishagusa ardhi unamalizia kwa toki renchi.

Kuhusu hiyo 1000, mara nyingi namba kubwa iliyoandikwa kwenye kasha ni ya kufungulia, ya kukazia huwa ndogo, na kwenye vitu vya bei chee namba yenyewe ni ya kuvutia mteja. Kwa Rav4 mashine ya kweli ya Nm 300 mpaka 400 inakutosha na kubaki. Kama tayari una drili ya betri nyumbani, nunua impakti ya kampuni hiyohiyo bila betri, betri ndo inakula hela kubwa kuliko mashine. Angalia na kichwa chake kiwe cha mraba wa nusu inchi, kuna zile ndogo za kukazia skrubu zenye tundu la biti, watu wanazinunua wakidhani ni zenyewe, nati ya tairi hazifungui.

Na boksi zake ni zile nyeusi za impakti. Zile zinazong'aa ni ngumu lakini hazivumilii kugongwa, zinaweza kupasuka na kipande kikakurukia usoni, na jicho halina spea.

Ningekuwa mimi na hela ya kifaa kimoja kwa mwezi ningeenda hivi: boksi na mpini mrefu, jeki nzuri ya troli ya tani mbili au zaidi, stendi mbili za kushikilia gari, toki renchi, ndo impakti ije mwisho. Wewe unayezungusha matairi mbele na nyuma stendi ni lazima kwako, mana utakuwa na tairi mbili hewani kwa wakati mmoja na jeki peke yake sio kitu cha kuachia gari. Haidroliki inashuka, wakati mwingine polepole, wakati mwingine sili inaachia ghafla tu. Gari likae kwenye stendi, jeki ibaki imegusa tu kama msaada.

Sasa fundi, naandika kutoka Nyali, Mombasa. Niko na Subaru Forester, nati zote tano nilitoa bila shida lakini tairi lenyewe likakataa kutoka, limeshikana kabisa na habu, ile sehemu ya chuma katikati linapofungwa. Nikapiga teke, nikavuta, hakuna. Ikabidi nirudishe nati niende hivyohivyo. Pia nataka kujua kama nati za Toyota zinaingia kwa Subaru kwa sababu niko na moja imepotea.

Pole kaka. Hii ni shida ya pwani yote, Mombasa, Tanga, Zanzibar, Dar, hewa ya chumvi inaingia pale katikati ambapo tundu la rimu linavaa mdomo wa habu. Rimu ya aluminiamu na chuma vikikaa pamoja na chumvi na unyevu vinatengeneza unga mweupe na kutu vinabanana, na pengo pale lilikuwa dogo tangu mwanzo. Tairi ambalo halijatolewa miaka miwili linaweza kushika hivyo kweli.

Njia ninayoipenda haihitaji kifaa. Rudisha nati zote tano, zikaze kwa vidole mpaka ziguse kisha zirudishe nyuma mizunguko miwili, zote ziwepo pale. Shusha gari chini, toa jeki, washa, sogea mbele nusu mita shika breki, rudi nyuma nusu mita shika breki, polepole sehemu tambarare na hakuna mtoto wala mtu karibu. Uzito wa gari unavunja kile kilichoshika, utasikia tok! Nati zipo kwahiyo tairi haliendi popote. Ukisikia hiyo simama hapohapo, inua, toa.

Ikikataa, nyunyiza mafuta ya kulegeza kutu pale kwenye duara la katikati, kidogo sana, na yasifike kwenye diski ya breki, subiri, rudia. Kugonga nako kunafaa, ubao kwenye tairi kwa ndani afu nyundo juu ya ubao, unazungusha tairi unagonga sehemu tofauti, ila hiyo ni gari likiwa kwenye stendi. Usigonge rimu yenyewe, na usilale chini ya gari lililoinuliwa na jeki tupu huku unalitikisa kwa mateke, nakuomba sana hilo.

Likishatoka ndo kazi yenye faida inaanza. Chukua brashi ya waya, sugua mdomo wa habu mpaka uone chuma safi, sugua na tundu la rimu kwa ndani, kisha paka grisi ya shaba nyembamba kama unafuta na kidole, pale kwenye mdomo tu. Stadi acha kavu, zisugue tu kwa brashi. Stadi yenye mafuta inateleza, ukikaza kwa kipimo kilekile inavutwa zaidi ya inavyotakiwa bila wewe kujua. Fanya hivi kila unapotoa tairi na hutapiga teke tena.

Nati za Toyota hapana kabisa! Zote ni milimita 12 ukiangalia kwa macho unaona sawa, lakini uzi wa Toyota ni 1.5 na wa Subaru ni 1.25. Inaingia mzunguko mmoja na nusu hivi kisha inakuwa ngumu, mtu anadhani ni kutu anaongeza spana, anaimaliza stadi. Na hata saizi ya spana si moja, Subaru nyingi ni 19. Nissan na Suzuki nyingi nazo ziko kwenye 1.25, Mitsubishi, Mazda na Honda ziko kwenye 1.5 kama Toyota, ila Honda nati zake za kiwandani zina tako (sehemu inayokaa kwenye rimu) la mviringo na Toyota la pembe au bapa lenye washa, kwahiyo hata hizo uzi ukiingia hazikai vizuri kwenye rimu. Ukienda kutafuta, Kirinyaga Road Nairobi au duka lolote hapo Mombasa, beba nati yako moja na uijaribu ile mpya kwa vidole kwenye stadi, nati sahihi inaenda mpaka mwisho kwa vidole viwili bila spana.

Fundi shikamoo. Mimi ni Mtanzania naishi Hamburg, Ujerumani, nina Golf 7. Huku kila mwaka tunabadili mara mbili, tairi za baridi na za kiangazi, gereji wanatoza kila mara na miadi ya Oktoba haipatikani, nikaamua nifanye mwenyewe uani. Ninaweza, lakini kunyanyua tairi nikilenga matundu ya bolti huku nimepiga magoti kwenye baridi ndo kunaniua mgongo. Kuna njia?

Marahaba kijana wangu, ipo, na ni kifaa cha hela ndogo kabisa kati ya vyote vya ukurasa huu.

Kwa faida ya wasomaji wengine, Wajapani wengi gari zao zina stadi zimetokeza kwenye habu, unalitundika tairi halafu unaweka nati. Golf na ndugu zake wa VW, Audi, BMW na Mercedes hawana stadi, habu ina matundu tu na unapitisha bolti kwenye rimu. Maana yake tairi halina pa kuning'inia, unalishika kwa mkono mmoja, mwingine unatafuta tundu, na tairi na rimu yake ni kilo 18 mpaka 20 hivi. Kinachouzwa kinaitwa pini ya kuongozea, ni kijiti cha chuma kirefu kama kiganja chenye uzi wa bolti mwisho wake. Kwa Golf yako uzi ni 14 kwa 1.5. Unakifunga kwa vidole kwenye tundu la juu kabisa, unalitelezesha tairi juu yake linaning'inia lenyewe kama koti kwenye msumari, unaweka bolti nne kwa utulivu, unatoa pini unaweka ya tano. Ukinunua mbili bora zaidi, tairi halizunguki. Kuna za plastiki, mimi nakushauri ya chuma.

Na tairi usilinyanyue kwa mikono. Kaa chini kabisa kwenye kigodoro au kipande cha sponji ukitazama habu, tairi limesimama katikati ya miguu yako, ingiza ncha za viatu chini yake na uinue kwa vidole vya miguu huku mikono inaliongoza tu. Au shusha jeki mpaka habu iwe juu kidogo tu ya usawa wa tundu la katikati ya rimu, watu wanainua gari juu kupita mahitaji halafu wanalalamika tairi zito, sentimita mbili tatu kutoka ardhini zinatosha. Baadhi wanatumia koleo au ubao kama wenzo chini ya tairi, unakanyaga mwisho mmoja linapanda, nayo iko sawa.

Jeki chukua ya troli ya chini chini iingie chini ya Golf bila shida, na ununue kile kipande cha raba chenye mfereji katikati. Golf unainua kwenye ule ukingo wa bati chini ya mlango penye alama mbili, jeki ya chuma tupu ikigusa pale inaukunja ukingo na rangi inabanduka, na huko kwenu wanamwaga chumvi barabarani msimu wa baridi kwahiyo kutu inaanzia hapohapo. Mfereji wa raba unaingiza ukingo ndani na uzito unakaa pembeni yake.

Bolti za Golf ni boksi 17, kipimo Nm 120, na baada ya kilomita 50 mpaka 100 pitia tena na toki renchi. Vile vifuniko vya plastiki vya bolti usivitoe kwa bisibisi, kwenye vifaa vya gari kuna kikulabu cha waya au kikoleo cha plastiki cha kazi hiyo. Kama una bolti za loki za kuzuia wezi, zile moja kila tairi, ufunguo wake usipigwe na impakti hata siku moja, ni mwembamba unapasuka, na hapo kutoa bolti ile ni kazi ya fundi mwenye vifaa maalumu. Mkono tu.

Kabla hujatoa tairi andika kwa chaki ndani yake lilikokuwa, mbele kushoto, nyuma kulia, hivyohivyo, ujue msimu ujao lirudi wapi. Zikiwa na rimu zake zilaze moja juu ya nyingine au zitundike, zisizo na rimu ndo zinasimamishwa. Ukimaliza usisahau kubonyeza ile menyu ya kuweka upya kipimo cha upepo, Golf 7 inalinganisha mzunguko wa tairi kupitia ABS (mfumo wa breki unaozuia tairi kuganda), usipoiambia kwamba tairi ni mpya itakupigia kelele njiani. Na tairi za baridi ukinunua sasa hakikisha zina alama ya mlima wa vilele vitatu na chembe ya theluji, tangu Oktoba 2024 Ujerumani yale maandishi ya M+S peke yake hayahesabiki tena kama tairi la baridi.

Mhariri wa magari, salaam. Uani kwangu Pangani ni mchanga mtupu. Jeki ya chupa inazama badala ya gari kupanda. Kijana wangu ameweka tofali chini yake, mimi sikupenda. (Mzee, Pangani)

Shikamoo mzee wangu. Hukukosea kutopenda. Tofali la saruji linabeba vizuri likisambaziwa uzito, ila jeki ya chupa ina kitako kidogo, linapasuka ghafla bila kutoa ishara. Mawe ndo mabaya zaidi.

Tafuta ubao mgumu wa mninga au mkongo, sentimita 40 kwa 40, unene usipungue sentimita 4, au gundisha plaiwudi mbili tatu pamoja. Fukua mchanga laini wa juu, shindilia, weka ubao ulale sawasawa ndo jeki isimame katikati yake. Ikianza kuinama hata kidogo shusha upange upya, jeki ya chupa haina msamaha ikiegama. Na mwambie kijana tairi la spea alilaze chini ya gari karibu na jeki wakati anafanya kazi, akitoa lile bovu anabadilishana, la bovu linaingia chini. Gari likianguka linakuwa limekalia rimu, mtu anabaki salama. Ubao ukae kwenye buti siku zote, hata njiani kwenye matope utakusaidia.

Nimepokea Vitz yangu kutoka Japani, niko Dodoma. Kwenye buti hakuna spea wala jeki, kuna kichupa na kipampu cha kuchomeka kwenye tundu la sigara. Ndo nini hii na inatosha?

Haujaibiwa dada, gari nyingi ndogo za Japani za miaka ya karibuni zinatoka kiwandani hivyo. Kichupa ni dawa ya kuziba, unaiingiza kwenye tairi kwa kipampu, unaendesha taratibu inajisambaza inaziba tundu. Inafaa kwa msumari uliotoboa pale tairi linapokanyaga tu, ubavu ukichanika haisaidii, na yenyewe ina tarehe ya kwisha iliyoandikwa pembeni, ya kwako uwezekano mkubwa imeshapita. Pia fundi pancha akija kulitoa tairi mwambie kuna dawa ndani.

Kipampu kitunze, hicho ni kifaa kizuri sana cha nyumbani. Ila kwa safari ya Dodoma Singida au Dodoma Iringa mi nisingeenda bila spea. Tafuta rimu ya chuma ya Vitz ya 4 kwa 100, yaani matundu manne kwenye duara la milimita 100, na jeki ndogo na boksi ya 21 na mpini. Ukipata ile spea nyembamba ya muda nayo sawa na inakaa vizuri kwenye buti dogo, ila inajazwa PSI 60, sio 30 na kitu kama matairi mengine, na mwisho wake ni kilomita 80 kwa saa mpaka utakapofika kwa fundi. Wengi wanaikuta imelegea siku wanayoihitaji kwa sababu hawakuipima tangu wainunue, kwahiyo kila unapojaza upepo tairi zingine na yenyewe itoe uipime.

Kabla hujalipia spea yoyote iliyotumika soma ubavuni penye herufi DOT, mwishoni kuna namba nne. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kashata za tairi (vile vipande vinavyokanyaga barabara) zikiwa nzima kabisa lakini namba inaishia na 09, mrudishie muuzaji.